Vidonge Nusu kwa Nusu

Jumamosi ile kinyozi alimkata mteja sikio. Si kukata kwa kukata. Alimparura tu, damu ya kufutwa na pamba ikaisha. Lakini mteja mwenyewe alikuwa dalali wa viwanja, mtu aliyezoea kuongea na umati, na punde kibanda kizima kikaarifiwa kwamba mkono wa bwana huyu siku hizi haufuati macho.

"Unawaza nini, bosi?" dalali aliuliza, sikio kalishika.

"Siwazi kitu."

"Basi hicho kitu usichokiwaza, kiwaze mbali na kichwa changu."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Walijua anachowaza, kwa sababu aliwasimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki yake. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ametoka kwenye saratani ya damu. Ametoka kweli: nywele zimerudi laini kama za mtoto mchanga, mashavu yamejaa, na cherehani iliyokuwa imefunikwa shuka kama maiti ilikuwa inalia tena kutwa nzima. Yote hayo kinyozi aliyashukuru. Kilichomkereketa ni Jumamosi za kliniki. Kliniki huisha kabla ya adhuhuri. Alijua, maana zamani alikuwa akimpeleka. Sasa mke anakwenda peke yake na kurudi alasiri, tena anarudi mchangamfu. Nani anatoka kutobolewa mshipa akiwa mchangamfu?

"Mtu aliyenusurika anataka kuishi," dalali alisema, akijitazama kwenye kioo. "Na huko kuishi si lazima kuwe na wewe."

Kinyozi alimaliza upande wa pili wa kichwa, hakumtoza, akachomoa mashine ukutani na kuwaambia waliobaki warudi jioni. Alikuwa bado amevaa koti la kazi lenye nywele za watu mabegani, na hivyo ndivyo alivyokwenda kumfumania mkewe.

* * *

Mgahawa ulikuwa ng'ambo ya lango la hospitali, meza za plastiki ndani, pazia la shanga mlangoni. Kupitia shanga alimwona mkewe kwa mgongo, amekaa na mtu. Akazikamata shanga kwa ngumi. Kisha mtu huyo akageuza shingo, kinyozi akaona kilemba, akaona hereni, akamtambua Mama Mayai. Akaziachia shanga.

Mama Mayai aliuza mayai sokoni, kwa trei na kwa moja moja. Kitanda chake na cha fundi vilipakana wodini, siku zile wote wawili wakiwa na vipara, na Mama Mayai akiwaonya manesi wasije wakawachanganya: mwenye kipara kizuri ni yeye. Kinyozi angerudi zake kimya, aibu yake mfukoni, kama asingeona sahani. Ilikuwa katikati ya meza, imejaa vidonge vyeupe, na kando yake chupa mbili tupu. Mkewe alikuwa anavikoroga kwa kidole, taratibu, halafu anavuta kimoja huku, kimoja kule, kimoja huku, kimoja kule.

Akapita shanga. "Mnafanya nini?"

Fundi aliifunika sahani kwa kiganja. Mama Mayai hakufunika kitu. Alimtazama mgeni kuanzia mabegani hadi viatuni.

"Shemeji, umekuja kumnyoa nani?"

"Nimeuliza mnafanya nini."

"Kaa kwanza. Unamwaga nywele kwenye chai."

Akakaa. Vidonge vile alivifahamu. Alikuwepo siku daktari wa utafiti, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alipowaita waliopona pamoja na jamaa zao. Saratani imeondoka, aliwaambia, lakini ina tabia ya kurudi. Dawa ya kawaida ya kuizuia kila mtu atapata, hilo halina mjadala. Juu ya hiyo, atakayekubali kuingia kwenye utafiti atapewa chupa ya pili. Nusu ya chupa zina dawa mpya inayochunguzwa. Nusu nyingine zina vidonge vinavyofanana nayo kwa kila kitu, ila ndani ni vitupu. Nani kapata ipi, hajui mgonjwa, hajui nesi, hajui daktari mwenyewe. Inajua kompyuta. Ndiyo njia pekee ya kupima dawa bila kujidanganya, na kitakachojulikana kitawafaa watakaougua kesho.

Fundi alikubali palepale. Alisema damu aliyoongezewa wodini ilitoka kwa watu asiowajua, na dawa iliyomtoa kitandani ilijaribiwa kwa watu asiowajua, kwa hiyo zamu yake imefika ya kuwa mtu asiyejulikana wa mtu mwingine. Kinyozi alinung'unika njia nzima. Daktari gani asiyeijua dawa yake? Yeye akimwambia mteja hajui kama alichoshika ni wembe au kijiti, kuna mtu atakaa kitini?

"Nasikiliza," alisema sasa.

"Mkeo alinenepa," Mama Mayai akaanza. "Nilipomwona na yale mashavu nikasema, huyu kapata ya kweli. Mimi wamenipa unga."

"Na mimi nilipomwona yeye anabeba trei tano bila kuhema," fundi alisema, "nikajua ya kweli anayo yeye."

Walikaa hivyo kwenye benchi la kliniki majuma mengi, kila mmoja akimpongeza mwenzake kwa afya njema na kumwangalia kama mtu aliyekalia mkoba wake. Mwishowe Mama Mayai alishindwa kuvumilia, akatumia ujuzi alionao. Yai bovu unalijua kwa kulitia majini: zima linazama, bovu linaelea. Alichukua kidonge chake na cha fundi, akaviweka kwenye glasi mbili. Vikazama vyote. Akavinusa. Akavitikisa karibu na sikio. Akavielekeza kwenye jua, jicho moja kalifumba.

"Wale watu ni wajanja," alimwambia kinyozi, kwa heshima fulani. "Wamevitengeneza havina tofauti kabisa."

Wazo la pili lilikuwa la fundi, nalo lilitoka kwenye kazi yake vilevile. Wateja wawili wakichangia jora moja, halafu jora likakutwa na kasoro, fundi mwenye akili hampi mmoja safi na mwingine mbovu. Anakata kwa namna ambayo kasoro wanaigawana, na hakuna anayelia peke yake. Basi wachanganye chupa zao, wagawane sawasawa. Kama mmoja ana dawa na mwingine ana unga, kila mtu atapata nusu ya uhai. Nesi huhesabu vidonge vilivyobaki, na wao vilivyobaki vilikuwa vinatimia kila mara.

Kinyozi alipaswa kukasirika, na alijaribu. Lakini toka siku ya kwanza alikuwa ameshuku moyoni kwamba mkewe ndiye aliyepewa vitupu, kwa sababu katika maisha yao kila kilichogawiwa kwa bahati kilikwenda kwa jirani.

"Mngeanza mapema," alisema, akaagiza chai ya tatu.

Hakuna hata mmoja pale mezani aliyefikiri kwamba anamdanganya mtu. Waliamini kwamba wanaodanganywa ni wao, nao walikuwa wanasawazisha tu.

* * *

Mama yake kinyozi aliishi nao, kwenye chumba cha mbele, mahali ambapo kutoka kitandani aliweza kulinda mlango, dirisha na jiko kwa pamoja. Alikuwa mtu asiyeamini hata mizani; akipimwa uzito hushuka, akapanda tena. Toka mkamwana wake augue, kikombe chake alikiweka pembeni, kwenye kirafu chake.

"Najua haiambukizi," alikuwa akisema. "Daktari kasema haiambukizi. Lakini daktari hanywei kikombe changu."

Fundi alikiosha kikombe hicho peke yake na kukirudisha kwenye kirafu, kila siku, bila neno. Alishazoea mengi zaidi ya hayo. Kulikuwa na wateja walioleta vitambaa vya harusi na kumuuliza, kwa sauti ya huruma, kama atakuwepo mpaka nguo iishe. Mmoja alitaka kulipa nusu kwanza, na nusu nyingine akiona yuko hai.

Kinyozi alipomsimulia mama yake habari ya vidonge, mama hakuuliza kama ni vizuri au vibaya. Aliuliza, "Nani anachagua kwanza?"

"Hatuchagui, mama," fundi alisema. "Tunakoroga."

"Nani anakoroga?"

"Mimi."

"Endelea kukoroga wewe. Huyo mwanamke wa mayai simfahamu, lakini muuza mayai ana vidole vyepesi."

* * *

Kliniki ya utafiti haikuita watu kwa majina. Nesi alisimama mlangoni na kuita namba, ili siri ya mtu ibaki kuwa yake, na fundi alikuwa thelathini na saba. Jumamosi iliyofuata aliingia, akatolewa damu, akapewa chupa, akatoka kumsubiri mwenzake.

"Thelathini na nane," nesi aliita. Akaita tena. Akatazama benchi kwa namna ya mtu anayejua benchi lina watu wangapi, akapita kwa thelathini na tisa.

Fundi alisubiri mgahawani mpaka chai ikaganda utando. Simu ya Mama Mayai iliita bila kupokelewa. Alirudi nyumbani na chupa nzima, haikugawanywa, na njia nzima aliiona nzito mkobani kama kitu alichokichukua dukani bila kulipa.

Siku mbili baadaye, jioni, mwanamume mmoja alibisha hodi. Alikuwa mlinzi wa benki, bado amevaa sare, kofia kaishika kwapani, mikono mikubwa. Alimwamkia mama kwa adabu, akakaribishwa kiti, akakikalia ukingoni.

"Mimi ni kaka yake Mama Mayai," alisema. "Amelazwa. Ugonjwa umerudi."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Ana homa kali, anaongea peke yake. Anarudia kwamba alikuwa anagawana dawa na Fundi. Sikumwelewa. Nikaelekezwa huku kwa kinyozi." Akamtazama mwanamke aliyekuwa mashineni. "Ndiye wewe Fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mlikuwa mnagawana dawa?"

Kabla fundi hajafungua mdomo, mama mkwe alikuwa amekwisha ufungua wake.

"Hapa hatugawani hata sukari," alisema. "Uliza mtaa mzima."

"Nimemuuliza yeye, mama, samahani."

"Na mimi nakujibu. Mtu mwenye homa anasema mengi. Marehemu mume wangu akipata homa alikuwa anadai ana gari."

Kinyozi alikuwa ameshika ufagio, anafagia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mlinzi aliendelea kumtazama fundi, hana haraka, kama anavyomtazama mtu aliyesimama muda mrefu mno karibu na mlango wa benki.

"Tulikuwa tunakunywa chai pamoja," fundi alisema.

Ilikuwa kweli, na aliitazama sindano ya cherehani alipoisema.

"Nauliza kwa sababu," mlinzi alisema, "kesho kutwa daktari atafungua namba yake. Watatazama alikuwa anameza ipi. Kama alikuwa kwenye dawa mpya na bado ugonjwa umerudi, basi haimsaidii, watamtafutia njia nyingine, na wanasema hiyo nyingine ni nzito, itamuumiza. Kama alikuwa kwenye vile vitupu, huenda wakamjaribu na hiyo mpya kwanza. Nisingependa waamue juu ya kitu ambacho hakikuwepo." Akavaa kofia. "Lakini kama ni homa, ni homa."

Aliaga vizuri. Walimsikia akisimama kidogo nje ya mlango kabla ya kuondoka, na hakuna aliyepumua mpaka viatu vyake vilipoanza tena kutembea.

"Umejibu vizuri," mama alimwambia fundi. Lilikuwa neno la kwanza la sifa kutoka kwake toka mwaka ulipoanza.

"Nakwenda kusema," fundi alisema.

Kinyozi aliuweka ufagio. "Kusema nini? Watakutoa. Vile vipimo wanavyokupima bure tutalipia na nini, na nywele za watu? Na yule kaka yake umeona mikono yake?"

"Nimeiona."

"Wazo lilikuwa lako. Atasema umemuua dada yake."

"Hajafa. Ndiyo maana nakwenda."

"Sikiliza," kinyozi alisema, akishusha sauti kwa sababu madirisha ya mtaa huo yalikuwa na masikio. "Wewe ndiye uliyetaka utafiti. Watu usiowajua, kesho, sijui nini. Ukisema, si unaiharibu kazi yao?"

"Nimeshaiharibu. Nataka wajue pale nilipoharibu." Alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani mbele na nyuma, halishoni kitu. "Watafungua namba ya mtu ambaye hayupo. Watasema alimeza hivi, wakati nusu yake iko humu." Akajigusa tumbo. "Toka aingie huyu kaka najiona kama nimevaa nguo ya mtu."

"Na kama hiyo nusu yake ndiyo iliyokushikilia hai?" mama aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu ndilo swali lililokuwa chumbani, na yeye hakuwa na tabia ya kuacha kitu kizagae.

"Sijui, mama," fundi alisema.

* * *

Kinyozi alimsindikiza. Alivaa shati safi, akasema anakwenda kuhakikisha mkewe hasemi zaidi ya inavyohitajika. Kwenye ofisi ya daktari kulikuwa na viti viwili, feni isiyozunguka, na kioo kinachotazama benchi la wagonjwa nje. Fundi alisema yote kwa pumzi moja, toka glasi za maji hadi sahani, na lilipobaki la nani alianza, akasema, "Mimi."

"Sote," kinyozi alisema. "Mimi niliagiza chai."

Daktari hakuwa amemwangalia mtu. "Toka lini?"

"Toka chupa ya sita."

"Mara zote?"

"Mara zote. Kimoja kimoja."

"Wengine wanafanya hivyo?"

"Sijui. Kuna wazee wawili wanaokaa karibu na jagi la maji, huwa wanatoka pamoja. Lakini labda ni marafiki tu."

Daktari aligeukia kioo. Aliwatazama wagonjwa wake kwenye benchi, watu aliowafahamu mishipa yao mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza aliwatazama kama mwenye duka anavyowatazama wateja siku ambayo hesabu imepungua.

"Mnajua kingetokea nini?" alisema. Sauti ilikuwa ya upole bado, lakini upole wenyewe ulikuwa umechoka. "Tungeandika kwamba dawa haina nguvu, kumbe hatukuipa nafasi, na mtu ambaye ingemwokoa angenyimwa. Au tungeandika ina nguvu, na watu wangeimeza miaka na miaka wakitapika bure. Wote hao kwa ajili ya sahani moja."

"Tulidhani mnatudanganya," fundi alisema.

"Nilikuambia siku ya kwanza kwamba sijui nani kapata nini."

"Ndilo hilo hatukuliamini."

Kinyozi akajaribu kusaidia. "Daktari, na wewe utuelewe. Mtu mkubwa akisema hajui, sisi tunajua anaficha."

Huenda daktari alitaka kucheka, huenda alitaka kumfukuza. Aliyaacha yote mawili.

"Utamtoa?" kinyozi aliuliza.

"Simtoi. Kilichotokea kitaandikwa kilivyotokea. Akitaka kutoka atoke mwenyewe, na matibabu yake yataendelea kama ya mgonjwa mwingine yeyote, vipimo anavyovihitaji vikiwemo. Nilisema hilo pia siku ya kwanza."

Siku mbili nzima kinyozi alikuwa amegombana na mkewe juu ya kitu ambacho kilishasemwa mbele yake, kwa Kiswahili, na yeye akiwa anatafuta uongo uliofichwa ndani yake.

"Nikibaki?" fundi aliuliza.

"Ukibaki utameza chupa yako. Yako tu, yote, bila kujua ni ipi. Na nitahitaji uboho wako, ule ulio ndani ya mfupa, nione hali ilivyo sasa hivi, ili tujue tunaanzia wapi."

Ile sindano ya nyonga. Fundi alikuwa ameyasahau mengi ya wodini, makusudi kabisa, lakini hiyo ilikuwa imekataa kusahaulika. Akamtazama mumewe, mumewe akatazama feni.

"Chukua leo," alisema, "kabla sijapata akili."

Alipokuwa anapanda kitandani kwa ajili ya sindano alimuuliza daktari habari ya Mama Mayai. Daktari alikuwa anavaa glavu.

"Sasa nitaifungua namba yake nikijua ninachokifungua. Ulichosema kitabadilisha uamuzi, hilo naweza kukuambia. Kilichokuwemo kwenye chupa yake nitamwambia yeye. Wewe sitakuambia."

* * *

Alikwenda kumwona siku alipoweza kutembea bila kuchechemea. Mlinzi wa benki alikuwa mlangoni mwa wodi, bila sare, lakini amesimama vilevile.

"Alisema ukija uingie," alimwambia. "Ingekuwa mimi, usingeingia."

"Ningekuelewa."

"Sijakuomba unielewe." Akasogea, kidogo tu, akamlazimisha kupita ubavu.

Mama Mayai alikuwa amepungua. Kilemba kilikuwa kikubwa kuliko kichwa, na kwenye mkono alikuwa amefungwa mpira wa dripu. Macho lakini yalikuwa yaleyale, ya mtu anayekagua trei.

"Umechelewa," alisema. "Watu wanaonisengenya walikuja toka juzi."

"Nilichomwa nyonga."

"Nimesikia. Umelia?"

"Sana."

"Vizuri."

Fundi aliketi kwenye kistuli. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hakuna hata moja lililokuja kwa zamu yake.

"Lile wazo lilikuwa langu," alisema.

"Najua lilikuwa la nani, nilikuwepo. Na mimi nilinyoosha mkono nikapokea." Mama Mayai alimeza mate kwa shida. "Nilikasirika uliposema tulikunywa chai. Kaka aliniambia. Nililala siku nzima nikijiuliza kama kweli nimeota. Hilo ndilo sijalimaliza moyoni, nakwambia wazi. Vidonge ni vidonge. Lakini kunifanya nionekane nina wazimu, na wewe umekaa kwenye cherehani yako."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli. Nyamaza ukae nalo."

Fundi akanyamaza, akakaa nalo. Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa aligeukia ukutani, akijifanya hasikii.

"Walifungua," Mama Mayai alisema baada ya muda.

"Wakakuambia?"

"Nimeambiwa."

Fundi alisubiri. Mama Mayai alikuwa anatazama dari kwa raha ya mtu mwenye mali.

"Niambie."

"Sikuambii."

"Mama Mayai."

"Sikuambii. Nikikuambia ilikuwa dawa, utakwenda nyumbani uache kula, utakuwa unahesabu vyangu ulivyomeza. Nikikuambia ilikuwa unga, utaona umenigawia dawa yako kwa huruma, utatoka humu ukijisifu, na mimi sina nguvu ya kuvumilia majivuno yako kwa sasa. Halafu utamwambia mumeo, mumeo atamwambia kila kichwa kinachopita pale kibandani."

"Sitamwambia."

"Utamwambia. Na usiangalie dripu, hujui kusoma dripu."

Kweli alikuwa anaiangalia. Alishusha macho. Akayapandisha tena, kwenye uso wa mwenzake, akitafuta kwenye ncha za mdomo, kwenye paji la uso, popote ambapo jibu lingeweza kuwa limeponyoka. Uso ulikuwa umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

"Unanitesa," alisema.

"Kidogo. Wameniambia hii ya sasa inaweza kunitoa, inaweza isinitoe. Hawajui. Nikamuuliza daktari mara tatu, akasema mara tatu hajui, na safari hii nimemwamini, na kumwamini kwenyewe kunatisha kuliko nilipokuwa simwamini." Akavuta pumzi. "Bado umo kwenye utafiti?"

"Nimo."

"Unameza?"

"Nameza."

"Vyote? Peke yako?"

"Vyote."

"Cha leo umemeza?"

"Saa yake ndiyo hii."

"Kiko wapi?"

Fundi alifungua mkoba, akatoa chupa, akatoa kidonge. Mama Mayai alimsukumia glasi yake ya maji kwa mkono usio na mpira. Fundi aliweka kidonge mdomoni, akanywa, akameza, akairudisha glasi.

"Fungua mdomo," Mama Mayai alisema.

"Nimemeza."

"Fungua."

Akafungua. Mama Mayai alijiinua kwa kiwiko, mpira wa dripu ukavutika, akachungulia ndani kwa makini, upande huu na upande ule, kwa macho ya mtu ambaye amekwisha kudanganywa na anajua hata namna alivyodanganya mwenyewe.

"Haya," alisema. "Sasa nyanyua ulimi."